AC ya gari imeacha kupoza? Usikimbilie kujaza gesi

Ukiingia gereji Tabora mwezi wa kumi, jua la saa saba likiwa utosini, ukasema AC ya gari haipozi, mara nyingi jibu hutoka kabla boneti haijafunguliwa: "Gesi imeisha hiyo." Inajazwa, unalipa, unaondoka na ubaridi wako. Baada ya wiki chache unarudi palepale na shida ileile.

Gesi ya AC haiishi kama petroli. Haichomwi. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, ileile, miaka nenda miaka rudi. Kidogo sana hujipenyeza kupitia mipira, lakini hiyo ni hasara ya miaka. Ikipungua kwa wiki au miezi, kuna tundu. Na kama haijapungua, kuongeza nyingine juu yake ni kuharibu kilichokuwa kizima. Kwa hiyo kabla ya kutaja gesi kuna mambo matatu ya kuangalia, na mwenye gari anaweza kuyaangalia mwenyewe bila kifaa: upepo unatoka? Klachi ya kompresa inakamata? Feni ya mbele inazunguka?

Ili majibu ya maswali hayo yakusaidie, shika mzunguko wa gesi wenyewe. Kompresa, inayozungushwa na mkanda wa injini, hubana gesi hadi inakuwa moto sana. Gesi hiyo hupita kwenye kondensa, ile inayofanana na rejeta na kukaa mbele yake, ikapoa na kuwa kimiminika. Kimiminika hupita kwenye draya inayonyonya unyevu, kisha kwenye valvu ya ekspansheni, yenye kitundu chembamba. Kikitokea upande wa pili presha inashuka ghafla, kinachemka ndani ya evaporeta iliyo nyuma ya dashibodi, na kuchemka huko ndiko kunakonyonya joto la ndani ya gari. R134a, gesi iliyo kwenye magari mengi tunayoendesha, huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri. Ikikurukia jichoni au mkononi ikiwa kimiminika inaunguza kwa baridi, kwa hiyo usilegeze nati ya bomba lolote "uone kama ipo".

Upepo hautoki, au unatoka kwa kunyong'onyea

Upepo ukiwa hivyo tangu unapowasha AC, gesi haihusiki hata kidogo. Kama hakuna upepo kabisa, anza na fyuzi ya bulowa (feni inayosukuma upepo ndani ya gari), kisha bulowa yenyewe. Bulowa hukaa nyuma ya kile kisanduku cha kuwekea vitu mbele ya abiria. Ipige taratibu kwa ngumi wakati swichi iko juu. Ikishtuka na kuzunguka, brashi zake zimelika. Kama upepo unatoka kwenye namba ya mwisho tu na namba nyingine zimekufa, usihangaike na kitu kingine: rezista ya bulowa imeungua. Ni kifaa kidogo na huondolewa kwa skrubu mbili hivi.

Bulowa inalia kwa nguvu lakini upepo ni mdogo? Chomoa filta ya AC. Kwenye magari mengi ya Kijapani iko nyuma ya kisanduku hichohicho, na wapo wenye magari ambao hawajawahi kuambiwa kwamba ipo. Kwa vumbi letu la kiangazi, filta ya miezi kadhaa hutoka nyekundu kama tofali. Na ukiegesha chini ya miembe, kama nusu ya mji huu inavyofanya, majani huingia kwenye matundu yaliyo chini ya waipa, yakajaa juu ya filta na mengine yakaziba njia ya maji. Filta ya karatasi usiioshe, nunua nyingine. Kuitoa moja kwa moja ili upepo uwe mkali ni akiba ya uongo, maana vumbi litakwenda kuganda kwenye evaporeta, na kuisafisha hiyo ni kufungua dashibodi.

Upepo upo, ila ni wa moto

Fungua boneti, washa injini, weka AC kwenye baridi ya mwisho, bulowa juu. Tazama uso wa kompresa. Puli yenye mkanda huzunguka muda wote. Unachotafuta ni sahani ya mbele, iliyo katikati, ndiyo klachi. AC ikiwashwa utasikia "tak" na sahani inaanza kuzunguka pamoja na puli. Chunga mikono, mikono ya shati na khanga isikaribie mkanda. Feni ya rejeta nayo inaweza kuwaka bila taarifa.

Sahani imesimama? Basi ama umeme haufiki, ama unafika lakini klachi haiwezi kukamata. Angalia fyuzi ya AC. Kisha rilei (swichi ndogo inayowashwa kwa umeme): kwenye kisanduku cha fyuzi kilicho upande wa injini, rilei ya honi mara nyingi ni sawasawa na ya klachi. Badilishana. Kama AC imepona na honi imekufa, umeshamaliza kazi.

Fyuzi na rilei zikiwa nzima, hatua inayofuata ni mita kwenye waya wa klachi. Kama volti 12 zinafika na sahani haikamati, koili (sumaku ya umeme inayovuta sahani) imekatika au mwanya umekuwa mkubwa. Koili nzima hupima takriban omu 3 hadi 5. Ikionyesha mstari umekatika, haina maisha. Mwanya kati ya sahani na puli unatakiwa kuwa takriban nusu milimita. Klachi ikilika unaongezeka, na ugonjwa wake una dalili yake: asubuhi AC inapoza vizuri, injini ikishapata moto inakata, ukisukuma sahani kidogo kwa mti mrefu inakamata tena. Hapo wengi huuziwa kompresa nzima, wakati kilichohitajika ni kufungua nati ya mbele, kutoa washa moja nyembamba na kurudisha. Kazi ya nusu saa.

Kama volti hazifiki, kitu fulani kimeizuia kompresa kwa makusudi. Mshukiwa wa kwanza ni swichi ya presha. Mfumo ukipungukiwa gesi hadi chini ya psi 28 hivi (psi ni kipimo cha presha), swichi inakata umeme ili kompresa isizunguke kavu, kwa sababu oili ya kompresa husafiri na gesi. Presha ikipanda kupita kiasi, zaidi ya psi 400, inakata pia. Ndiyo sababu ujanja wa kuunga swichi kwa kipande cha waya ni hatari: unaweza kuifanya klachi ikamate, ila kompresa itajisaga bila oili. Ukiunga kwa majaribio, iwe sekunde chache tu, na uwe umeshathibitisha kwa geji (vipima presha) kwamba gesi ipo.

Waya zenyewe nazo ziangaliwe. Panya wanaolala kwenye injini ya gari lililoegeshwa siku nyingi hupenda waya hizi nyembamba. Na kwenye Toyota nyingi, taa ya AC ikipepesa badala ya kuwaka tulivu, kompyuta inasema kompresa imekwama au mkanda unateleza. Usizime na kuwasha mpaka iache. Ukiendelea kulazimisha, mkanda utakatika, na kwenye gari lenye mkanda mmoja utapoteza pia chaji na pengine pampu ya maji, pengine porini kati ya Urambo na Kaliua.

Angalizo mbili. Kuna magari mapya kidogo ambayo kompresa yake haina klachi kabisa: inazunguka muda wote na valvu ya umeme ndiyo inayoamua ibane kiasi gani. Huko kuangalia "tak" hakusaidii, gari linahitaji mashine ya kusoma kompyuta. Na magari ya haibridi kama Prius na Aqua yana kompresa ya umeme yenye waya za rangi ya chungwa. Volti zake zinaua. Tena oili yake ni ya aina nyingine. Fundi akiongeza oili ya kawaida ya AC, umeme utaanza kuvuja ndani ya kompresa. Kama fundi hajui hilo, gari lisifunguliwe.

Gesi kweli imepungua

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Mazungumzo yenyewe huwa hivi:

"Fundi, niwekee gesi tu, nina safari ya Nzega."

"Bosi, mwaka huu umeshawekewa mara ngapi?"

"Hii itakuwa ya tatu."

"Basi tutafute inakotokea kwanza. Safari utasafiri na vioo vimeshushwa."

Fundi akikujibu namna hiyo, mng'ang'anie.

Geji zina siri moja ambayo mafundi wengi hawaisemi. Gari likiwa limezimwa na limepoa, presha ndani ya mfumo hufuata joto la hewa, si wingi wa gesi. Kwenye nyuzi 30, R134a husoma karibu psi 100 pande zote mbili, wa presha ya chini na wa presha ya juu, iwe gesi imejaa au imebaki nusu, alimradi kuna kimiminika kidogo kilichobaki. Kwa hiyo anayechomeka geji injini ikiwa imezimwa akatangaza "imebaki nusu" anabahatisha. Akiona 40 au 20, hapo sawa, gesi imekwisha karibu yote.

Injini ikiwashwa, mchana wa nyuzi 32 au 33, mfumo usio na kasoro husoma takriban psi 30 hadi 45 upande wa chini na 200 hadi 250 upande wa juu. Zikiwa chini pande zote mbili, gesi ni pungufu. Upande wa chini ukipanda na wa juu ukashuka hadi zinakaribiana, kompresa haibani tena. Upande wa chini ukizama hadi kwenye sifuri au chini yake, kuna kuziba, mara nyingi kwenye valvu ya ekspansheni au draya. Zikiwa juu pande zote mbili, tazama kondensa na feni yake, au gesi imezidi, au hewa imeingia.

Tundu linatafutwaje? Kwa macho kwanza. Gesi ikivuja hutoka na oili, na oili hukamata vumbi. Kwa hilo vumbi letu ni msaada: kwenye bomba kavu utaona kiraka kinene, cheusi au chekundu, kimeganda mahali pamoja. Hapo ndipo. Angalia maungio ya mabomba yenye oringi (vipete vya mpira), mdomo wa kompresa nyuma ya klachi, na valvu ndogo za kujazia gesi, ambazo ni kama za tairi na huvuja kama za tairi. Fungua vifuniko vyake, weka povu la sabuni. Kondensa za magari yanayoingia mashamba ya tumbaku kwa njia za vumbi za Kaliua na Sikonge hupigwa na vijiwe, kwa hiyo zitazame uso mzima. Evaporeta haionekani, huko hutumika rangi inayong'aa chini ya taa maalumu, au kifaa cha kunusa gesi.

Kama mfumo hauna gesi kabisa, ujazwe naitrojeni kavu kwa ajili ya kutafuta tundu. Siyo hewa ya kujazia tairi. Hewa hiyo ina maji, na maji yakikutana na gesi na oili ndani ya mfumo hutengeneza tindikali inayokula vyuma. Na kuna wanaojaza gesi ya jikoni kwa sababu ni rahisi na inapoza. Inapoza kweli. Lakini evaporeta ikitoboka, gesi hiyo itaingia mlimokaa abiria, na kinachofuata ni cheche ya swichi.

Tundu likishazibwa na draya kubadilishwa, mfumo hunyonywa hewa kwa pampu ya vakyumu angalau nusu saa, kisha pampu hufungwa na sindano ya geji hutazamwa. Ikirudi nyuma, bado kuna tundu. Hapa kuna jambo la kwetu sisi watu wa juu. Vitabu na mafundi wa Dar es Salaam watakwambia sindano ifike inchi 29 za vakyumu au zaidi. Tabora iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, na sindano itagota kwenye 26 hivi hata pampu ikiwa mpya. Kigoma mjini, kwenye mita kama 775 kando ya ziwa, itafika 27. Usitupe pampu isiyo na kosa, wala usihangaike kutafuta tundu lisilokuwepo. Ikigota hapo na kutulia, mfumo ni mkavu na umefungwa.

Gesi yenyewe hupimwa kwa mizani. Karatasi iliyobandikwa chini ya boneti huandika aina na gramu: gari dogo huwa kati ya 400 na 550, na magari yenye AC ya mbele na nyuma kama Noah huhitaji zaidi. Kujaza kwa kugusa bomba na kusema "sasa baridi" ndiko kunakozidisha gesi, na gesi ikizidi AC hupoza vibaya kuliko ilipopungua. Ile ya zamani nayo isiachiwe hewani. R134a haitoboi tabaka la ozoni, ila hupasha dunia joto zaidi ya mara elfu kuliko kaboni dayoksaidi ya uzito uleule. Ndiyo maana mwaka 2016 mataifa yalikubaliana pale Kigali, jirani yetu, kupunguza gesi za jamii hiyo.

Inapoza ukitembea, ukisimama inakata

Barabarani baridi, kwenye foleni ya sokoni joto. Hii ni kondensa kukosa hewa, na ni ugonjwa wa Tabora hasa. Ukitembea, upepo wa barabara unafanya kazi ya feni. Ukisimama, feni inabaki peke yake. Washa AC uone kama feni ya mbele inawaka. Haiwaki? Fyuzi, rilei, mota, kwa mpangilio huo. Inawaka lakini taratibu? Mota imechoka.

Feni ikiwa nzima, chungulia kati ya kondensa na rejeta. Utakuta nyasi kavu, wadudu, pumba na vumbi vimejipanga kama blanketi. Ioshe kwa maji ya mpira wa kawaida, ukitokea upande wa injini kwenda mbele ikiwezekana, ili uchafu utoke ulikoingilia. Vijana wa kuosha magari waambie wasielekeze mashine ya presha hapo. Mapezi ya kondensa ni laini, yakilala hewa haipiti tena. Kisha maliza jaribio kirahisi: gari likiwa limesimama na AC inatoa joto, mwagia kondensa maji. Upepo wa ndani ukipoa ndani ya dakika moja, gesi yako haina kosa lolote.

Inapoza nusu saa, halafu upepo unakwisha

Unatoka Tabora vizuri, kabla hujafika Urambo upepo umekuwa mwembamba na wa vuguvugu, ingawa bulowa inalia. Evaporeta imeganda barafu. Zima AC, acha bulowa iendelee dakika kumi na tano. Maji mengi yakitiririka chini ya gari na baridi ikarudi, umepata jibu. Sababu ni filta iliyoziba, gesi pungufu, au sensa ya baridi iliyo kwenye evaporeta imeacha kuiambia kompresa ipumzike. Kama inakata na kurudi yenyewe kila baada ya dakika chache huku upepo ukiwa na nguvu, fikiria unyevu unaoganda kwenye kitundu cha valvu ya ekspansheni, hasa kwenye gari lililojazwa gesi bila vakyumu.

Bomba lina baridi, ndani kuna joto

Shika bomba nene la AC linaloingia ukutani kwa injini. Kama ni baridi na linatoa jasho lakini ndani unapata upepo wa joto, AC inafanya kazi yake. Kuna kijimlango nyuma ya dashibodi kinachochanganya upepo wa baridi na wa hita. Kebo yake imechomoka au mota yake ndogo imekufa. Zungusha kitufe cha joto kutoka mwisho hadi mwisho na usikilize. Kwenye magari ambayo dereva na abiria kila mmoja huweka joto lake, dereva akipata baridi na abiria joto, ni hicho hicho.

Kompresa imekufa kweli

Ikipiga kelele za kusaga, ikikwama, au geji zikionyesha haibani, hakuna dawa nyingine. Ila kabla ya kufunga ya mtumba, tazama oili iliyotoka kwenye ile ya zamani. Ikiwa na unga wa chuma unaong'aa, unga huo umeshaenea hadi kwenye kondensa. Kondensa za siku hizi zina vijia vyembamba ambavyo havioshiki, kwa hiyo hubadilishwa pamoja na draya na valvu. Anayekufungia kompresa peke yake hapo amekufungia ya kufa tena.

Harufu ya uvundo ni ukungu kwenye evaporeta: zima AC dakika chache kabla ya kufika, acha bulowa ikaushe. Maji miguuni kwa abiria ni bomba la kutolea maji lililoziba kwa vumbi au majani. Lizibue kutokea chini kwa waya laini, taratibu.

Kabla ya kulipa, gari likiwa kivulini, vioo vimefungwa, hewa ya ndani ikizunguka, injini kwenye mizunguko 1,500 hivi kwa dakika, weka kipimajoto kwenye tundu la katikati. Baada ya dakika kumi kisome kati ya nyuzi 5 na 10. Kwa mchana wa mwezi wa kumi, 12 inavumilika. Kisha mwombe fundi aandike kwenye risiti gramu alizojaza na mahali alipoziba.